Lenzi ya droni kwa mandhari: achana na f/1.4, pigania gramu na kona

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili, acha nilirudie kwa kifupi ili na mwingine akipita hapa aelewe tunaongelea nini. Una Sony a7R II, megapikseli 42, unaipandisha kwenye droni kubwa yenye gimbali (kile kishikio chenye mota kinachoituliza kamera), lenzi yako ni 24-70mm f/2.8 GM (GM ni daraja la juu la lenzi za Sony, na namba ya f ikiwa ndogo tundu la lenzi linafunguka zaidi) na unapiga mandhari. Kilio chako ni viwili, droni haikai hewani na picha ukizikuza kona zimelegea. Umeambiwa ununue 24mm f/1.4 au 35mm f/1.4 kwa kuwa ndizo kali kuliko zote, na wewe unauliza uchukue ipi kati ya 24 na 35, na kama hiyo hiyo itafaa siku utakayopanda ndege ndogo mwezi ujao.

Aliyekushauri hakukudanganya kuhusu ukali, zile lenzi ni kali kweli, mi nimezishika. Ila hilo ni jibu la mtu anayepiga harusi usiku ukumbini. Wewe unapiga ardhi iliyo mita mia chini yako, jua limetoka, hutaifungua hiyo f/1.4 hata siku moja, na kumbe vile vioo vikubwa vinavyoleta f/1.4 ndivyo vinavyobeba uzito. Yaani unainunulia droni mzigo ambao picha yako haitauona.

Angalia mizani kwanza. Bodi ya a7R II ikiwa na betri na kadi ni gramu 625. Lenzi yako ya sasa, lile toleo la kwanza la GM, ni gramu 886, jumla gramu 1511. Ukivaa 24mm f/1.4 GM ya gramu 445 unashuka hadi 1070, sio mbaya, ila 35mm f/1.4 GM ni 524. Sasa weka Sony FE 35mm f/2.8 ZA, kale kalenzi kadogo kalikotoka 2013 pamoja na a7 za kwanza, ni gramu 120 tu. Jumla 745. Umekata mzigo nusu na hujagusa kamera. Na uzito hewani sio jambo la kubahatisha, Sony wenyewe kwenye droni yao ya Airpeak S1 waliandika inakaa hewani dakika 22 ikiwa tupu na dakika 12 ikibeba a7S III na hiyo 24mm f/1.4 GM. Dakika hizo ndizo unazosubiria wingu lipite mlima upate mwanga, zikiisha unashuka na mwanga unaukodolea macho ukiwa chini. Hii vita ya gramu ni ya zamani sana kwanza, mwanzoni mwa karne ya 20 kuna mfamasia wa Ujerumani, Julius Neubronner, alikuwa anawafunga njiwa kamera kifuani na ilibidi kamera zake zisizidi gramu 75 maana njiwa hawezi zaidi ya hapo.

Haya, kwa nini nasema f/1.4 huihitaji. Chukua 35mm, weka f/5.6, fokasi mbali kabisa. Kwa kipimo cha kawaida cha wapiga picha kila kitu kuanzia mita 7 na kitu kwenda mbele kinahesabika kikali, ila kipimo hicho ni cha enzi za picha ndogo za karatasi, sensa yako ina pikseli zenye upana wa mikroni 4.5 kwa hiyo lazima tubane zaidi. Nikibana masharti mara sita napata mita 44. Droni yako iko mita 100. Maana yake kila kilicho kwenye fremu, bonde, mto, kilima cha nyuma, vyote viko ndani, huna ua mbele ya lenzi la kuhangaika nalo kama yule aliyepiga magoti chini. Hapo hakuna kitu cha kutenganisha na nyuma yake, na kazi kubwa ya f/1.4 ni hiyo pamoja na giza.

Upande wa pili usije ukaenda f/11 ukidhani ndo unaongeza ukali, hilo ni kosa naliona sana kwa watu wa mandhari waliotoka chini. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo unatawanyika, nukta moja inageuka doa. Kwenye f/5.6 doa hilo lina kipenyo cha mikroni 7.5 hivi, f/8 ni karibu 10.7, f/11 inakaribia 15, na pikseli yako ni 4.5. Kwa hiyo f/11 unazitupa pikseli ulizozilipia. Mi hukaa f/5.6, jua likiwa dogo nashuka f/4, f/8 mara chache. Unaona sasa, lenzi yako nzuri ya angani ni ile inayokuwa kali kona hadi kona kwenye f/4 na f/5.6. Inafunguka kiasi gani kupita hapo sijali. Isipokuwa kama unapiga miji usiku au ile nusu saa ya baada ya jua kuzama, hapo sawa, f/1.8 ina maana na nitakuelewa ukibeba gramu mia mbili zaidi.

Nasisitiza kona kwa sababu hii. Ukiwa chini, kona ya picha mara nyingi ni anga au kivuli cha jani, ikilegea hakuna anayejua. Ukiwa juu na kamera inatazama chini moja kwa moja ni kama unapiga ukuta, kila sentimita ya fremu ni ardhi yenye mawe, vichaka na nyayo za mifugo, na jicho la mtazamaji linatembea kote. Lenzi nyingi za zumu kwenye upande mpana haziweki fokasi kwenye bapa lililonyooka, linajikunja kidogo kama sahani, katikati safi halafu kona zinapotea. Hiyo inawezekana ndiyo inayokusumbua kwenye 24. Au lenzi yako ina kioo kilichokaa upande, nitakuonesha jinsi ya kujua hapo chini.

Sasa 24 au 35. Hapa nina msimamo na nitausema: 35, au 40. Ukiwa mita 100 ukitazama chini, 24mm inakupa fremu yenye upana wa mita 150 na pikseli moja inafunika sentimita 1.9 ya ardhi. 35mm inakupa mita 103 na pikseli moja ni sentimita 1.3. Jiwe la sentimita 20 kwenye 24 linapata pikseli kumi na kidogo, kwenye 35 linapata kumi na tano, hapo ndo tofauti ya jiwe kuonekana jiwe na kuonekana doa la kijivu. Halafu ukiinua kamera kutazama upeo, 24mm inakuletea anga tele na ardhi tele ya mbele, ule mlima uliokupandisha huko juu unageuka kichuguu. Watu wengi wakianza hudhani angani unahitaji upana zaidi kwa sababu eneo ni kubwa, mi naona kinyume chake, ukishapanda juu upana umeshaupata kwa kupanda, kinachokosekana ni umbo. 24 na chini ya hapo zina tatizo jingine kabisa, propela na miguu ya droni inaanza kuingia kwenye kona hasa droni inapoinama kwenda mbele dhidi ya upepo, na ukiondoa kwa kukata picha unakuwa umerudi kwenye 28 au 30 lakini na pikseli chache.

Ukitaka upana zaidi ya 35 unganisha picha. Simamisha droni, kamera iwe wima, piga tatu au nne huku gimbali ikizunguka, kila moja ipande juu ya jirani yake kama theluthi hivi, mpangilio wa mwanga uuweke kwa mkono usibadilike katikati. Kwa kuwa kila kitu kiko mbali, maunganisho yanakaa vizuri bila kuonesha mishono, kitu ambacho ukiwa chini karibu na miti kinakusumbua. Shida inabaki kwenye maji yenye mawimbi na vitu vinavyotembea, basi.

Kuhusu lenzi zenyewe. Nyepesi ya kwanza ni hiyo 35mm f/2.8 ZA ya gramu 120. Ikiwa wazi kabisa kona zina giza linaloonekana, ukifika f/5.6 limepungua sana na programu inamaliza lililobaki. Ipo pia Samyang AF 35mm f/2.8 ya gramu 86, nyepesi mno, ila hizi za bei ya chini lazima uipime moja moja kabla hujaiamini maana hazifanani kutoka boksi moja hadi jingine. Sigma wana 24mm f/3.5 DG DN ya gramu 225, kali, kama utang'ang'ania 24. Ile Sony 28mm f/2 ya gramu 200 mi nisingekuchagulia, inapinda mistari sana hadi kamera iinyooshe kwa programu, na kunyoosha maana yake ni kuvuta kona kama unavuta nguo, ukali unaondoka palepale ulipokuwa unautafuta.

Ila kama ningekuwa mimi na droni yako ningeenda kwenye zile tatu ndogo za G ambazo Sony walitoa 2021, 24mm f/2.8, 40mm f/2.5 na 50mm f/2.5. Zina gramu 162, 173 na 174. Zote zina umbo lile lile, filta zote ni 49mm. Kwa mtu wa kawaida hilo ni jambo dogo, kwa mtu mwenye gimbali ni kubwa sana! Gimbali ukishaibalansi na 40mm, ukitoa ukaweka 50 hugusi chochote, unarusha. 24-70 yako ukiizungusha kutoka 24 kwenda 70 shingo inatoka nje, uzito unahama mbele, mota za gimbali zinaanza kupambana kushikilia kamera na ule mtetemo mdogo wa kupambana unaingia kwenye picha. Kuna kona zinalegea kwa sababu hiyo na watu wanalaumu kioo. Anza na 40mm, mita 100 juu inakupa upana wa mita 90, baadaye ukiwa na nafasi ongeza 24 au 50 kutegemea unapenda kutazama vipi.

Ukinunua, mpya au iliyotumika, ipime siku hiyo hiyo ukiwa bado unaweza kurudisha. Mi nafanya hivi. Kamera kwenye stendi, natafuta kitu kimoja kilicho mbali zaidi ya mita mia chenye maelezo madogo madogo, tawi lisilo na majani dhidi ya anga linafaa sana, siku isiyo na upepo. Nakiweka katikati, nafokasi, kisha nageuza swichi kwenda fokasi ya mkono nisiguse tena. Napiga. Halafu nageuza kichwa cha stendi ili lile tawi likae kona ya juu kushoto, napiga, juu kulia, chini kushoto, chini kulia. Narudia kwenye f/2.8, f/4, f/5.6 na f/8. Nyumbani nafungua zote kwa ukubwa kamili na kuangalia vijitawi. Kona zote nne zikiwa laini kwenye f/2.8 na zikakaza pamoja kwenye f/5.6, hiyo ni tabia ya kawaida, chukua. Lakini kona tatu zikiwa na vijitawi vinavyohesabika na moja imekuwa kama moshi hata kwenye f/5.6, kuna kioo kimekaa upande ndani, hiyo lenzi rudisha, haitapona kwa mpangilio wowote. Ukiwa unapiga sura za watu ungeishi nayo miaka bila kujua. Angani itakuumbua picha ya kwanza. Fanya kipimo hiki na kwa 24-70 yako kabla hujaiuza, ujue shida ilikuwa nini.

Kuna jambo moja lilinigharimu nalisema kwa uchungu. Lenzi nyingi za kisasa pete ya fokasi haijaunganishwa na vioo, inatuma amri tu kwa mota, na ukizima kamera au kubadilisha betri sehemu uliyoweka fokasi inaweza kupotea. Nilifokasi vizuri asubuhi, nikashusha droni kubadilisha betri ya kamera, nikarusha tena bila kufokasi upya, mwanga ulikuwa wa dhahabu umelala juu ya vilima, nimepiga ruka nzima. Kwenye skrini ndogo ya kamera zilionekana sawa. Kwenye kompyuta kila picha ilikuwa imelegea kwa kiasi kilekile, kidogo tu, kiasi cha kutofaa kuchapwa kubwa. Mwanga ule sijaupata tena pale. Tangu siku hiyo utaratibu wangu ni mmoja, kamera ikiwaka naielekeza kitu cha mbali, otofokasi, nahamia fokasi ya mkono, napiga moja, nakuza kona na katikati, ndo droni inaondoka. Na usiende kwa kuzungusha pete hadi mwisho ukidhani mwisho ndio mbali kabisa, lenzi nyingi zinapitiliza.

Shata, yaani kile kipazia kinachofunguka mwanga uingie. Droni ikisogea mita 10 kwa sekunde na wewe uko 1/250 ya sekunde, ardhi inahama sentimita 4 wakati shata iko wazi, kwenye 35mm hizo ni pikseli tatu, lenzi yoyote ya bei yoyote imekufa hapo. Kwenye 1/1000 ni sentimita moja, chini ya pikseli. Jua kali linakupa f/5.6 kwa 1/800 kwenye ISO 100 (ISO ni wepesi wa sensa kuhisi mwanga), kwa hiyo ISO 200 inakutosha kabisa na usiiogope. Alfajiri simamisha droni hewani, panda ISO 400 hadi 800, piga nyingi na uchague. Tumia shata ya kawaida, ile ya kielektroniki kwenye a7R II inasoma sensa polepole na mtetemo unapindisha mistari. Kituliza mtikisiko cha ndani ya bodi jaribu kuwasha na kuzima ukiwa hewani, kwenye droni yangu kuzima kunaleta picha safi zaidi maana gimbali tayari inafanya kazi hiyo na viwili vinagombana. Tena mtetemo wa muda mrefu sio mzuri kwa vifaa hivi vidogo, Apple mwaka 2021 waliwaonya watu wasifunge simu kwenye pikipiki zenye injini kubwa kwa sababu hiyo.

Filta na hudi nitapita haraka. Polaraiza, ile filta ya kukata mng'ao, kwenye droni inakula mwanga wa stopu moja hadi mbili (kila stopu ni nusu ya mwanga) na kila ukigeuza kamera pembe yake na jua inabadilika, mi siweki isipokuwa napiga maji au msitu wenye kung'aa. Hudi, ile kofia ya mbele ya lenzi, toa, inashika upepo. Na balansi gimbali ikiwa na kila kitu kitakachoruka, betri ndani, kadi ndani, kifuniko cha lenzi nje.

Ndege ndogo ni habari nyingine kidogo. Uzito pale haukusumbui sana, kinachokusumbua ni kasi na upepo. Ndege ya bawa juu kama Cessna 172 ikienda taratibu bado inakata kama mita 40 kwa sekunde, na mko mita 300 au zaidi, kwa hiyo 35 utaiona fupi, mguu na mhimili wa bawa vitaingia. Chukua 50mm f/2.5 au ile 55mm f/1.8 ya gramu 281, f/4 hadi f/5.6, shata 1/2000, ISO iende inakotaka. Ongea na rubani mkiwa chini kuhusu kufungua dirisha, kile kioo cha plastiki kinaua ukali kuliko lenzi mbaya na ukiweka polaraiza kinatoa rangi za upinde wa mvua. Dirisha likifunguliwa, hudi iwe imetoka, mkanda wa kamera shingoni au mkononi muda wote, lenzi isipite mstari wa dirisha kwenda kwenye upepo, na usibadilishe lenzi pale kabisa. Kiwiko kisiegemee mlango wala fremu ya dirisha, mwili wako ndio gimbali, ukiegemea injini inaingia moja kwa moja kwenye picha. Omba rubani azunguke mara mbili kila sehemu, mzunguko wa kwanza piga kumi kisha kuza kona moja ya juu na moja ya chini, zikiwa zimekaza endelea na mzunguko wa pili.